Maji ya Chini ya Mabwawa

Niliolewa milimani nikitokea Mnazi, kule tambarare, ambako maji ya kunywa tuliyafukua mchangani na kuyachuja kwa kitambaa. Kwa hiyo mtu asinidhanie mdekaji. Nimekua nikinywa maji ya rangi ya chai. Yalinuka udongo, basi, na udongo haumchefui mkulima.

Nyumbani kwa mume wangu, katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto, nilikipenda kijito kabla sijamzoea hata mume mwenyewe. Kilipita chini ya migomba, maji baridi ya kuuma meno. Nilikuwa nikiweka ndoo chini nakunywa kwa viganja, kisha nakunywa tena bila kiu.

Juu ya kijiji palikuwa na mabwawa ya kutotoleshea trauti, samaki wa maji baridi ambao Wazungu waliwaleta ili wapate cha kuvua siku za mapumziko. Walipoondoka, mabwawa yakaota nyasi. Kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, yakafufuliwa, tukaletewa bwana samaki, kijana aliyesomea kazi hiyo. Tuliitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima tukazibua mifereji kwa majembe yetu wenyewe, tukiimba.

Shombo lilianza majini kiangazi kilichofuata. Nilidhani ni sufuria, nikaisugua kwa majivu. Nikabadilisha mtungi. Halafu mawe ya kijitoni yakaota kitu cha kijivu, laini kama pamba iliyolowa, na ukikikanyaga kinapanda katikati ya vidole. Asubuhi moja nilimimina maji ya chai, nikaona kipande cha bandama kinazunguka polepole ndani ya sufuria, kimepauka pembeni. Nilikimbilia uani nikatapika.

Mama mkwe akadhani nina mimba. Nikamwonyesha sufuria.

"Maji yanayotembea hayashiki uchafu," alisema. "Na wewe uliyelelewa na maji ya mchangani ndiye wa kutuambia yetu yananuka?"

Mama mkwe hajibiwi. Lakini chai ile hakuinywa, alisema tumbo limejaa.

Kilichombadilisha ni kipaimara cha mjukuu wake. Mama mkwe alikuwa mzee wa kanisa, na siku hiyo mke wa mchungaji alikula kwetu. Tulipika wali kwa maji ya kijito, tukaweka iliki kuficha shombo. Mgeni alimeza tonge la kwanza, akakaa na la pili mkononi, kisha akalirudisha sahanini taratibu na kusema ameshiba. Mama mkwe alikaa akiitazama sahani ile. Wageni walipoondoka akaniambia, "Kesho tunapanda mabwawani."

Tulipanda na ndoo zetu. Harufu ilitupokea kabla ya mabwawa. Kando ya kibanda, magunia ya maini na bandama kutoka machinjioni yalikuwa yamelundikwa juani, na funza wakipita katika vitundu vya gunia kama mchele unaotembea. Mfanyakazi mmoja alikuwa akiyakatakata kwa panga kuwa chakula cha samaki. Mwenzake alikuwa akifua magunia matupu kwenye mfereji wa kutokea, ule ule uliotushukia sisi. Samaki waliokufa walikuwa wamekwama kwenye wavu, macho meupe, na alipomaliza kufua aliwachota kwa beleshi akawatupa upande wa pili, wakaenda na maji.

Bwana samaki alitoka nyumbani kwake akitabasamu. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, kwa adabu zote. Mama mkwe akamweleza.

"Mama, haya mabwawa ni mali ya umma," alisema kijana. "Kila mradi una usumbufu wake mwanzoni." Akamwita mfanyakazi atufungie trauti wawili kwenye jani la mgomba.

"Mimi nimekuja na ndoo, mwanangu. Sikuja na sahani," alisema mama mkwe. Alikuwa akitazama bomba jembamba lililoingia jikoni kwa kijana yule. "Maji yako ya kunywa unayachukua wapi?"

"Juu kule."

"Juu ya samaki?"

"Juu ya samaki."

Alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja upande jua linakotoka. Hata bandama ile kwenye sufuria haikunichukiza kiasi hicho. Mama mkwe alilifuata bomba lile hadi kwenye chemchemi, akajaza ndoo yake, nami nikajaza yangu, tukashuka.

Mkutano wa kijiji ulizungumza sana. Mwenyekiti alisema mradi ni wetu sote. Mama mkwe alisimama akamwuliza kama na uchafu wake ni wetu sote, kwa nini bomba moja tu linaanzia juu. Likachimbwa shimo la taka, likatumika wiki ile wageni wa serikali walipotutembelea, kisha likaachwa. Wanawake tukaendelea kupanda hadi chemchemini, wajawazito kwa wazee, tukipita kando ya mabwawa tumefunika pua kwa khanga.

Mwishowe uchafu uliwala samaki wenyewe. Walielea wakiwa wamegeuza matumbo, bwawa zima, na mbwa wa vijiji vya jirani wakaja. Bwana samaki akahamishwa. Wanaume wa kijiji waliagizwa kuwazika samaki, na mume wangu alikuwa miongoni mwao. Alirudi jioni, akavulia shati nje. Nililiinua kwa kijiti nikalipeleka motoni.

"Lile ni shati la kazi," alisema. "Ungelifua tu."

"Kwa maji gani?" nikamwuliza.

Alichukua jembe akaenda kulisugua na kunawa mikono kwenye nyasi zenye umande, na mama yake akamletea maji ya chemchemi kwenye kata.