Kitufe cha Cheza

Kabla ya kurudi Nairobi kwa mumewe, binti yangu alinifungia kisanduku kidogo nyuma ya televisheni. Ndani yake aliweka programu ya kukusanya filamu na picha zetu zote mahali pamoja. Ni programu huria, alinieleza, haina ada, na imetafsiriwa na watu wa kujitolea. Akaiweka kwa Kiswahili ili nisitaabike. Nilikuwa nakaa eda. Arobaini ya mume wangu ilikuwa imekwisha, mawifi wamesharudi kwao Likoni, na nyumba yetu ya Mtopanga nimeachiwa mimi na friji inayonguruma.

Siku ya kwanza nilipoiwasha peke yangu, nilichagua filamu ya harusi ya binti huyo huyo. Pakatokea kitufe kimeandikwa: Cheza.

Nikazima. Nikampigia simu papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi niko ndani ya eda, hata wanja sipaki. Kisha waniwekea kitu cha kuniambia nicheze? Nicheze nini, chakacha?"

Alicheka hadi akakohoa, kisha akaniomba radhi. Nadhani alikumbuka ni eda ya babake. Akanieleza kwamba neno hilo mtu alilitoa kwenye 'play' ya Kiingereza akalihamisha vilevile, na kwa kuwa programu ni ya wote, hata mimi naweza kupendekeza jingine.

"Waambie waandike Anza," nikasema. "Na huyo aliyeandika Cheza, wallahi, hana mama wa kumuuliza."

Basi nikapata kisingizio. Jirani yangu, mama mmoja kutoka bara, kila aliponiuliza mbona sitazami, nilimjibu nangoja warekebishe. Uongo mtupu. Neno lilinikera, ni kweli, lakini nilichokuwa nacho ni woga. Harusi ile aliirekodi mume wangu kwa simu yake, kwa hiyo hayumo kwenye picha hata moja. Yumo kwa sauti tu, ile sauti iliyokwaruzika kwa kunadi vitunguu soko la Kongowea. Nilitamani anisemeshe hata neno moja, na nilihofia nitakavyokuwa akishamaliza.

Alasiri moja upweke ulinizidi. Jirani alikuwa kazini, hata redio yake haikusikika ukutani. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Alikuwepo. Alisifu pilau, akamtania mpishi, akawafokea watoto waliompita mbele. Kisha nikajiona mwenyewe, nimejitanda leso, nimebeba sahani.

"Mama watoto!" akaita.

Vigelegele vilikuwa vimepanda. Yule mimi wa kwenye picha hakusikia.

"Mama watoto, hebu njoo nikwambie!"

Nikamwona akiingia jikoni na sahani zake.

"Abee," nikaitika, pale nilipokaa kwenye kochi.

Mume wangu akacheka kidogo. "Haya, nitamwambia baadaye," akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, akaigeuza simu kuelekea meza ya maharusi.

Niliitazama filamu ile hadi mwisho, kisha nikafungua nyingine zote alizorekodi siku ile. Hakuniita tena. Nimejaribu sana kukumbuka kama usiku ule, tuliporudi nyumbani tumechoka, aliniambia alichotaka kuniambia. Sikumbuki.