Salamu Isiyoitikiwa

Tanzia tuliyoigiza mwaka ule ilianza na salamu. Mdogo mtu anaingia uani, anavua kofia, anasema, "Shikamoo kaka." Kaka mtu anaendelea kunoa panga, haitikii. Mimi ndiye niliyekuwa kaka mtu.

Tulifanyia mazoezi katika ukumbi mmoja pale Mirongo, jioni baada ya kazi. Aliyetunga mchezo na kutuongoza alikuwa mwalimu mstaafu wa fasihi, mama mkali kidogo. Nilimlalamikia kwamba kimya kile ni kirefu mno, watazamaji watadhani nimesahau maneno.

"Waache wadhani," alisema. "Umeona kifo hapo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kipo. Kiburi kipo, undugu upo, panga lipo, na neno moja ambalo lingewaokoa wote halijasemwa. Yanayofuata yote yanatoka humo. Ukiitikia tu, hatuna mchezo."

Hakujua kwamba alikuwa akinieleza nyumba yetu. Baba na mdogo wake hawakuwa wakisemezana tangu walipomzika babu. Baba mdogo, anayeishi ng'ambo ya pili ya ziwa, karibu na Kamanga, alitaka mzee alazwe kwenye boma lake la zamani, kijijini Bujora. Baba akaamua azikwe mjini. Tangu hapo baba mdogo alipiga simu kila sikukuu, na kila mara baba aliitazama ikiita juu ya meza hadi ikanyamaza. Sisi tuliendelea kula.

Siku ya onesho baba alikuja. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, mstari wa pili, amevaa koti lake la kanisani. Nikaufuta mpini wa panga kwa shati.

Pazia likafunguka.

"Shikamoo kaka."

Nikanoa. Ukumbi ulitulia, ikabaki sauti ya chuma kwenye jiwe. Mama mmoja huko nyuma akashindwa kuvumilia: "Mwitikie mwenzio, jamani!" Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Mwenzangu akarudia salamu, safari hii kwa sauti ya chini. Nikainua macho, jambo ambalo Mwalimu alinikataza, nikakutana na macho ya baba. Alikuwa amesimama. Akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje.

Nikaendelea kuigiza. Sijui nilifikaje mwisho.

Asubuhi, tukinywa chai, aliniuliza, "Ule mchezo uliishaje?"

"Wanakatana mapanga, baba. Mdogo anakufa."

"Na mkubwa?"

"Anabaki na nyumba."

Akasukuma kikombe pembeni. "Vaa viatu."

Ndani ya kivuko alisimama ameelekea majini. Niliogopa kwamba yeye na baba mdogo watapigana. Tulipokaribia gati niliogopa zaidi kwamba hatashuka.

Tulimkuta baba mdogo akitengeneza zizi, mti begani. Alipotuona akasimama palepale. Baba naye alisimama. Ng'ombe mmoja akapita katikati yao.

"Huo mti mzito kwa mtu mmoja," baba alisema hatimaye. Akavua koti, akanipa, akaenda kushika upande wa pili.

Habari ya kaburi la babu hawakuigusa siku ile, na sidhani kama wamewahi kuigusa. Mchana tulikula ugali na sato. Baba mdogo mwenyewe alimnawisha baba, akamimina maji hadi yakamwagikia suruali ya kaka yake. Baba hakusogeza mguu.