Herufi C ya Kozue Wakui

Mwalimu Hisae Orita alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na sita, na kwa miaka yote hiyo hakuna mzazi aliyewahi kugonga mlango wa chumba cha walimu kwa sababu yake. Mjini kwetu hilo si jambo la kupuuzwa. Hapa mtoto anayemaliza sekondari ya chini hupewa namba katika kila somo, moja hadi tano, na namba hizo hutangulia mbele yake kwenda kwenye shule ya juu anayoiomba. Mama aliyetegemea nne akaletewa tatu anaweza kukunyima salamu mpaka theluji iyeyuke.

Kilichomsalimisha Hisae ni uangalifu wake. Mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi, na lile daftari lake jeusi halimtoki mkononi. Walimu wa huku daftari la alama huliita kwa utani daftari la Enma, yule hakimu wa kuzimu anayewasomea wafu makosa yao, na la Hisae lilistahili jina hilo kuliko yote. Nani kachelewesha kazi, nani kauliza swali zuri, nani kasinzia siku ya kupasua jicho la nguruwe, yote yamo, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu, na alitaka aondoke vivyo hivyo, jina safi.

Mwaka huo ofisi ya elimu ya mji ikaleta programu mpya ya alama. Kila mtoto anaingiziwa herufi tatu kwa kila somo: moja ya maarifa, moja ya kufikiri, moja ya bidii. A, B au C. Kisha programu yenyewe inatoa namba ya mwisho. Wazee wa chumba cha walimu waliguna weee. Hisae hakuguna, alijifunza. Herufi za maarifa na kufikiri zilishaingia kutoka kwenye mitihani; zile za bidii aliziandika kwenye daftari kama kawaida, akazihamishia kwenye orodha yake ya siku zote, akanakili safu nzima na kuibandika kwenye programu. Haraka, safi, kwisha.

Na hata baada ya hapo, alama haitoki shuleni kabla ya kusomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja ana karatasi, mwenzake anatazama kompyuta. Mwenzake Hisae alikuwa Tsukuda, kijana wa miaka thelathini na kitu, msimamizi wa kumbukumbu za shule.

"Namba nne, B."

"Ndiyo."

"Namba tano, C."

"Ndiyo."

"Namba sita, B. Mwalimu Tsukuda, unapiga miayo."

"Sipigi miayo, mama. Navuta pumzi."

"Basi vuta ukiwa umefunga mdomo. Namba saba, A."

Majina hawakuyasoma, namba za orodha tu. Hawajawahi kuyasoma, majina yanachelewesha, na watoto ni mia moja na sitini. Walipomaliza, Tsukuda akagonga muhuri wake, Hisae akagonga wake, wakaenda kunywa chai. Wiki iliyofuata walimu wa madarasa wakakaa na kila mtoto na mzazi wake, wakawatajia namba na kushauriana shule ya kuomba. Fomu zenyewe hazipelekwi mpaka mwisho wa Januari.

Siku mbili kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya mwaka mpya, Hisae alikuwa akipanga karatasi za kuwarudishia watoto. Ni zile karatasi ambazo mtoto huandika mwisho wa mada amejifunza nini na kwa njia gani, na ndizo zinazotoa herufi ya bidii. Mada ilikuwa sayari. Akafika kwenye ya Kozue Wakui, namba thelathini na moja, wa mwisho kwenye orodha ya darasa, inayopangwa kwa herufi za lugha yetu, binti mpole mwenye mwandiko mdogo.

"Nimeitazama Zuhura siku kumi na nne," Kozue alikuwa ameandika. "Nyumba yetu ya zamani ghala la jirani lilikuwa linaziba upande wa magharibi. Hapa tulipohamia ni ghorofa ya tatu, naiona mpaka inazama. Siku ya tisa kulikuwa na mawingu, kwa hiyo mchoro wa siku ya tisa nimeuacha wazi, sikutaka kubuni." Chini yake michoro kumi na tatu, na pembeni, kwa wino mwekundu wa Hisae mwenyewe, A kubwa yenye duara.

Hisae akaduwaa. Maana alikumbuka vizuri kabisa kwamba Kozue Wakui alipata C.

Alikumbuka kwa sababu programu ilimwuliza. Ukiingiza herufi zisizolingana, kwa mfano A ya maarifa, A ya kufikiri, halafu C ya bidii, mstari unageuka wa manjano na swali linatokea: una hakika? Naye aliona Kozue, akabonyeza ndiyo. Hakufungua daftari, hakutafuta karatasi. Alibonyeza tu, na moyoni akasema, maskini, mambo ya nyumbani hayo. Kwa C hiyo nne ya Kozue ikashuka kuwa tatu, na kwa tatu hiyo mwalimu wa darasa akamshauri aache kuomba shule ya mlimani aliyoitamani, inayotaka nne, aombe ile ya karibu na stesheni. Mtoto alikubali bila neno. Walimu walimsifu kwa kukubali bila neno.

"Tsukuda!" Hisae aliita, na hakumwita mwalimu, ndiyo maana kijana alikuja mbio.

Wakakaa mbele ya kompyuta, karatasi magotini. Haikuchukua hata dakika kumi.

"Ebina," Tsukuda akasema taratibu. "Mungu wangu. Humu yupo kama Ebina."

Wazazi wa Kozue waliachana kiangazi. Kwenye vitabu vya serikali binti akachukua jina la ukoo wa mama yake, Ebina, lakini shule humruhusu mtoto wa namna hiyo kutumia jina lake la zamani mpaka amalize, asije akaulizwa maswali na wenzake. Kwa hiyo kila mtu alimwita Wakui. Orodha ya Hisae ilisema Wakui, wa thelathini na moja. Programu haikuambiwa habari za huruma. Iliona Ebina, ikampandisha mpaka wa tano, na waliokuwa katikati ikawasogeza kila mmoja nafasi moja chini. Safu ya Hisae ilipobandikwa, kila mmoja wao alipewa herufi ya jirani yake, na Kozue akapewa C ya Okabe, ambaye karatasi yake hakuileta kabisa.

"Na sisi tukasoma namba," Tsukuda akasema. "Tano, C. Ndiyo. Tano, C. Ndiyo. Kama kasuku! Lakini ngoja, wengi ni B kwa B, hawajaguswa." Akahesabu. "Namba ya mwisho imebadilika kwa wawili tu. Kozue kashuka. Na Yonekura, yule wa thelathini, kapata A ya Kozue, kapanda kutoka tatu hadi nne." Akajipangusa uso. "Angalau ni kosa la mashine, Mwalimu. Si lako."

Hisae akakusanya karatasi. Habari ya mstari wa manjano hakumwambia.

Mkuu wa shule naye alisikiliza habari ya majina mpaka mwisho, akafumba macho, akayafumbua. Si mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya magazeti tu, kama wakuu wote.

"Tutazisahihisha zote leo hii. Kisha tutaenda nyumba mbili, mimi na wewe, tuwaombe radhi. Darasani hatutamki kitu, lile jina la binti lisije likatoka. Tutaeleza kwamba programu ilipanga majina upya. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi inatosha, hakuna haja ya kuchimba zaidi ya hapo. Umebakiza miezi mitatu, Mwalimu Orita. Uende kwa amani."

Na Hisae, tuseme ukweli, alishukuru. 

Walianza kwa Yonekura. Mama yake aliwapokea kwa uso wa sherehe, uso ukaporomoka alipoelewa. Kijana mwenyewe alicheka.

"Nilijua tu! Mimi, A ya bidii? Mama, si nilikuambia wamekosea?"

"Nyamaza wewe! Nimeshapika wali mwekundu wa sherehe, nimempelekea mpaka bibi yako!"

"Bibi kala, kafurahi. Shule nitakayoomba inataka tatu. Tatizo liko wapi?"

Mama akambonyeza kichwa kwa mkono ainame, naye akainama huku akicheka. Mkuu wa shule alipotoka nje alipumua kwa nguvu na kusema hilo moja limepita.

Ghorofa ya kina Ebina ilikuwa na vyumba viwili. Mama yake Kozue alikuwa ametoka kazini, bado ana sare ya hospitali, na aliwakaribisha kwenye mito ya kukalia chini huku akiomba radhi kwa nyumba kuwa ndogo. Kozue akaketi kando yake, mgongo umenyooka. Mkuu wa shule akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, Hisae naye vivyo hivyo, kisha mkuu akaeleza: programu, jina, mpangilio. Akaeleza vizuri sana. Hakuna neno la uongo lililotoka kinywani mwake.

"Kwa hiyo ana nne?" mama akauliza. "Shule ya mlimani anaweza kuomba?"

"Anaweza, mama. Nafasi yake iko pale pale."

"Ahsanteni. Ahsanteni sana." Mama akajifuta macho kwa mkono wa sare, akainuka kwenda kumimina chai. "Umesikia, Kozue? Ilikuwa mashine."

Kozue hakuonekana kufurahi. Alimtazama Hisae.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ile C, wewe uliiona?"

Mkuu wa shule akakohoa. "Unajua, watoto ni wengi, na programu yenyewe ndiyo iliyo—"

"Niliiona," Hisae akasema.

Mkuu akamgeukia. Hisae akaendelea kumtazama mtoto.

"Programu iliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ningefungua daftari ningeona A, nimeiandika kwa mkono wangu. Sikufungua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa najua habari za kwenu. Nikakuhurumia. Nikajiambia mtoto amevunjika moyo, ndiyo maana bidii imeshuka. Nilikuona hivyo kabla sijakutazama. Hilo si la mashine, ni langu, na ninakuomba radhi."

Akainama tena. Alikaa ameinama mpaka akadhani hatasamehewa, na akaona ni haki.

"Mimi niliiamini," Kozue akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilijua nimefanya kazi. Lakini nilipoambiwa C nikasema basi, kumbe huzuni yangu inaonekana. Najitahidi kila siku isionekane, kumbe Mwalimu Orita ameiona. Nikaona aibu. Ndiyo maana sikubisha."

Hisae akainua uso. "Haikuonekana, Kozue. Kulikuwa na michoro kumi na tatu ya Zuhura, na siku moja ya mawingu uliyokataa kuidanganyia. Hicho ndicho kilichokuwa kinaonekana."

Hapo ndipo Kozue alipolia. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, kama mtoto wa chekechea, na mama yake, ambaye tangu kiangazi alikuwa akijisifu kwa wenzake kazini kwamba binti yake hajatoa chozi hata moja, akabaki amesimama na birika mkononi.