Vichwa vya Fuli vya Shangazi Nyamizi

Naikumbuka asubuhi moja ya kipupwe pale Ipuli, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilipomfokea shangazi yangu Nyamizi bustanini kwake. Mpaka leo masikio huniwaka moto.

Nilikuwa nimeshuka treni na diploma ya kilimo kutoka Uganda. Niseme, nisiseme? Nasema: wa kwanza ukoo mzima, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kuuza asali. Ndiyo maana shangazi hakusita nilipomwomba mbegu za fuli, yale maharage makubwa, bapa, yanayopenda baridi. Baba yake, aliyekuwa mpagazi, alizipata kwa Mwarabu mmoja kwenye njia ya misafara, naye shangazi akazilinda miaka yote katika kibuyu kimoja, ndani ya jivu. Mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Alinigawia nusu.

Nikapanda kwa kamba, mistari imenyooka kama reli, nikamwaga samadi bila kipimo. Fuli zangu zikanifika kiunoni. Zake zilikuwa fupi. Asubuhi hiyo nikamkuta anavunja ncha za mimea iliyojaa maua, anazitia kwenye ungo.

"Shangazi! Unaikata mimea vichwa?"

"Salamu kwanza, bwana diploma."

"Shikamoo. Lakini unaharibu!"

"Marahaba. Napika mboga. Nawe kavunje zako, wadudu hupenda palipo laini."

Nikacheka, nikamwambia hayo hayamo kitabuni. (Huenda yalikuwemo, ila sikuufikia ukurasa huo.)

Wiki mbili hazikuisha. Wadudu weusi wakazivaa ncha zangu kama masizi ya chungu, maua yakapukutika. Sikuvuna hata punje. Nusu ya mbegu za mpagazi, zilizovuka miaka yote ile, niliimaliza mimi kwa msimu mmoja.

Nikaenda kumwambia, nikitegemea matusi. Akanikaribisha ugali wa mtama na fuli zake changa, zimemenywa ganda la nje na la ndani, zikapondwa kwa kitunguu na samli. Pembeni zile ncha, zimeungwa kwa karanga. Sijala kitu kitamu namna ile, nami nimekula meza moja na mabwana shamba wa Kizungu.

"Kula vichwa hivyo," akasema. "Labda kimoja kitakukaa."

Zilipokauka zilizobaki, akanigawia nusu tena. Mwanamke yule hakujua kusoma jina lake, na sijakutana na mkulima wa kumshinda.

Mwanangu, soma. Jisomeshe hata kwa asali, kama mimi. Lakini ukikabidhiwa mbegu, muulize kwanza aliyeilinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu liliungwa na moyo mkubwa wa shangazi, wewe usitegemee kwamba kila mtu anao. Kibuyu kile kiko darini kwangu, kimejaa. Njoo uchukue nusu, na maua yakitokea, vunja ncha.

Mungu akujalie mkono unaootesha, na akupe sikio lililo jepesi kuliko ulimi.