Zuia Pumzi na Uvimbe wa Wifi Yake

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, yeye, mtaalamu wa mionzi, ndiye aliyewasha kwa mara ya kwanza mashine ya CT ya hospitali yao, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Tangu hapo wenzake wanamwita Zuia Pumzi, kwa sababu ndiyo amri anayoitoa kwenye kipaza sauti kutwa nzima. Mumewe anadai huitoa hata usingizini, naye hutii.

Wiki hii aliyelala juu ya meza ya mashine alikuwa wifi yake, mwoka mikate, mnene, mwenye mdomo usiopumzika. Kwa miezi kadhaa alikuwa akishiba kwa vijiko viwili vitatu, na damu ilikuwa imempungua. Kamera iliyopitishwa kooni ilionyesha uvimbe mkubwa kama limau, umejificha chini ya utando wa tumbo. Kinyama kilichokatwa kikapimwe kilikuwa cha utando tu, kizima kabisa. Swali likabaki palepale: ni saratani au siyo?

"Maliza maji yote," Zuia Pumzi alimwambia, akimkabidhi jagi. "Tumbo likisinyaa, uvimbe hauonekani vizuri."

"Wifi, mgeni wako ndiyo unamkaribisha hivi? Maji matupu?"

Akamchoma dawa ya kung'arisha mishipa, akaingia nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Zuia."

Meza ikateleza. Picha zikajitokeza: maji ya kijivu, ukuta wa tumbo uking'aa, na ubavuni mwake duara jeusi, laini kingoni. Weusi ule aliufahamu. Ulifanana kabisa na mafuta ya chini ya ngozi. Au macho yalimdanganya kwa kuwa ni wifi yake? Akasogea mpaka pua ikagusa skrini, akasahau jambo moja tu: kusema "pumua".

Kule mezani miguu ikaanza kurusha mateke.

"Pumua, wifi. Pumua, jamani."

Wifi alishusha pumzi kama tairi lililopasuka. "Umeona nini humo? Kama umenisahau namna hii, basi nimekwisha."

"Siruhusiwi kusema. Anayesoma picha ni daktari."

"Na hicho kicheko unachokimeza?"

"Gesi."

Nusura akimbie kwenda kwa daktari wa picha, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Daktari akaweka kiduara cha kupimia juu ya weusi. Maji husoma karibu na sifuri, nyama husoma juu yake, mafuta chini yake. Hapa ilisoma hasi tisini na tano. Akatafuta ndani yake kipande chochote cha nyama, ambacho kingeashiria saratani. Hakuna.

"Lipoma," alisema. "Mafuta matupu. Tumboni ni nadra, hii ni ya pili kwangu. Si saratani. Twende tukamwambie."

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. "Subiri, daktari. Yaani nimenenepa mpaka tumbo langu nalo limeota kitambi chake?"

Daktari akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Zuia Pumzi alikuwa ameshakaa sakafuni, hoi kwa kicheko.

"Na kaka yangu alishaanza kunililia," wifi aliendelea. "Mwambieni ayarudishe hayo machozi."

Kwa kuwa uvimbe huo umekuwa ukivuja damu, hauachwi. Jumatatu daktari wa upasuaji atautoa kupitia matundu madogo, na tumbo litabaki. Zuia Pumzi ameomba ruhusa siku hiyo. Yeye ndiye atakayeuza mikate dukani kwa wifi yake.