Ghala la Tende lenye Vishimo Viwili

Siku zetu pale Ibra, mji wa Uarabuni, gofu lilikuwa mahali pa kuchezea, si pa kupigia picha. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Tulikuwa tumetoka Tabora, watoto sita, mimi wa tatu, msichana wa miaka tisa, na kila Alhamisi shule ikifungwa tulijitupa katika mtaa wa zamani uliohamwa, wenye majumba ya udongo ya ghorofa mbili yaliyobaki kuta na ngazi zisizofika popote. Tulicheza kibe humo, kujificha na kutafutana, mpaka pua zikajaa vumbi. Ukipanda paa lililosalia uliona minara ya mawe juu ya vilima, na chini mitende iliyonyweshwa maji ya falaji, mifereji ya kale. Jirani akiwa na moyo mwema alitupakia kwenye pikapu hadi jangwani, tukateremka vilima vya mchanga tumekalia sinia la Bibi. Leo kijana anakwenda na gari la milioni ngapi sijui, anakwama kabla chai haijapoa kwenye chupa, kisha anampigia simu Bedui aje amvute. Sisi sinia halikukwama hata siku moja.

Shuleni walituita Wazinjibari, yaani watu wa Unguja. Bahari yenyewe tuliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la ndege! Watoto wale hawakujua Tabora iko wapi, na sidhani kama wamejua hadi leo. Mimi nina diploma ya ujenzi na karakana mbili mjini Firq. Wao wengi bado wanasubiri ajira. Nasema tu.

Baba yangu, Khalfan, alikuwa na jambo moja rohoni: karatasi za uraia. Babu zake walitoka Ibra, lakini shekhe wa kabila ndiye aliyetakiwa atie saini kwamba anatujua. Na shekhe, kwa upole wa mtu aliyekwisha kula, akasema, "Nionyeshe nyumba ya wazee wako, nami nitaandika." Asingeionyesha, tungerudi tulikotoka, ambako kila kitu tulikuwa tumeshakiuza mpaka vitanda.

Basi baba yangu akafanya kosa wanalofanya watu wetu wote. Alizunguka magofu siku tatu, akachagua lililo kubwa kuliko yote, lenye mlango wa nakshi na matao, akamleta shekhe na wazee wanne.

"Hii hapa," alisema.

Shekhe alikulia Unguja, Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. "Ya Khalfan," akasema, "hii nyumba ya babu yangu mimi. Nyinyi mnaotoka Bara, hakuna hata mmoja aliyezaliwa kibandani?"

Wazee wakacheka mpaka vilemba vikalegea. Mimi nilikuwa juu ya ukuta, nikasikia yote. Baba alirudi nyumbani akaeleza yaliyomkuta.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anachambua mchele. Alizaliwa Ibra, akapelekwa Tabora akiwa mdogo, akaozwa mtoto wa ami yake waliyelelewa naye nyumba moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Nani kakutuma utafute mlango?" akamwambia baba.

"Mama, nyumba hujulikana kwa mlango."

"Nyie wanaume. Mie mtoto wa ndani, mlango ule nimeupita siku ya kuondoka na nilikuwa nalia. Niulize ghala la tende."

Nyumba zile zilikuwa na chumba chenye vifereji sakafuni. Makanda ya tende yalipangwa juu yake hadi darini, yakagandamizana, asali ikatiririka kwenye vifereji na kuingia katika kishimo kimoja. Lakini babu yake Bibi alikuwa na wake wawili waliogombea asali kila msimu, mpaka mzee akachoka, akamwita fundi agawe vifereji nusu kwa nusu, viende kwenye vishimo viwili.

Tuliingia magofuni watoto sita na mafagio ya makuti. Chumba baada ya chumba tuliondoa udongo, tukakuta vifereji, tukavifuata kwa vidole, na kila mara kishimo kimoja. Kucha zilikatika. Siku ya tano nikakiona cha pili. Kaka zangu husema tulikiona sote; waongo, nilikiona mimi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, nyuma ya zizi la mbuzi, haina nakshi wala tao.

Bibi aliletwa anajikongoja. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kifereji, akakilamba. Vumbi tupu. "Hiki cha bibi yangu," akasema. "Kile cha yule mchoyo."

Shekhe naye alikuja, safari hii na mama yake aliyekuwa kikongwe. Bibi kizee yule alitazama chini mara moja tu, akapiga kofi. "Wallahi, hii nyumba ya wakewenza waliogawana asali! Mama yangu akitusimulia tukigombana." Shekhe akatazama viatu vyake. Saini ikatiwa wiki ile ile. Baba, Mungu amrehemu, mpaka anakufa aliwaonyesha wageni lile jumba la matao, akisema tulikuwa majirani.

Mwaka huu nilimpeleka binti yangu. Kuta zimeshikizwa, kuna mkahawa, na vijana wamejipanga kupiga picha mahali ambapo hawajui palikuwa jiko au choo. Nikamwonyesha ghala. "Mama," akaniuliza, "hii ilikuwa ya waya za umeme?" Akapiga picha ya viatu vyake, akarudi kwenye kahawa yake yenye barafu.

Nilitaka kumfokea, nikajizuia. Sisi tuliulizwa sisi ni nani shuleni, dukani, kwa shekhe, ndiyo maana majibu yote tunayo. Yeye hajaulizwa hata mara moja tangu azaliwe. Kutoulizwa ndicho kitu baba alichokitafuta kwa aibu yote ile, na ndicho tulichokichimbia kwa kucha. Nikarudi Firq nikiendesha, yeye amelala kiti cha nyuma, nikimwonea wivu na huruma kwa pamoja.