Mfunga Mabegi Aliyeijua Dunia Kabla ya Kupanda Ndege

Nailoni inalia, begi linazunguka, na Balozi anazunguka nalo. Jua halijachomoza, lakini foleni yake mbele ya mlango wa wanaoondoka imeshafika kwenye mashine ya kahawa. Kijana mwenye koti jipya, lebo ya bei bado inaning'inia kwapani, anauliza wanachouliza wote: huko aendako watu wakoje?

Zamani swali hilo lingemchelewesha mtoto wa watu ndege. Leo Balozi anakata nailoni, analipigapiga begi mgongoni, basi.

"Wasalimie, mwanangu," anasema.

Jina hilo la Balozi alipachikwa na wenzake wa hapo uwanja wa ndege. Amefunga mabegi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa kuwa waendao na warudio hupita mezani kwake, aliamini dunia nzima imeshampitia mikononi. Ndege hakuwahi kupanda, lakini hilo halikumzuia kusimulia. Nchi hii maji ya bomba hunywewa kwa kibali, ile ukicheka barabarani unalala ndani. Aliyasema haya amekunja uso, na watu wazima na akili zao wakatikisa vichwa.

Binti yake wa pekee alipopata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ng'ambo, Balozi alilifunga begi lake mpaka likakosa umbo. Kisha akamvuta pembeni, akampa ya moyoni: huko hawasalimiani, ukimsalimu mtu anaita polisi. Tazama chini, pita zako.

Binti akaenda. Simu zake zikawa fupi, kisha fupi zaidi. Balozi alisema ni baridi. Mama mtu hakukubali.

"Sauti ya mwanangu imenyong'onyea," alimwambia mumewe. "Nenda ukamwone."

Tiketi ikatumwa, na Balozi akapaa. Chakula kilipopita alikikataa kwa heshima zote, maana yeye ndiye aliyewaambia abiria miaka yote kwamba bili huletwa wakati wa kushuka. Njaa ikamkaba huku jirani yake akiongezwa mkate. Walipotua, watu wakashuka zao bila kudaiwa hata senti, naye nusura alie.

Kwa ofisa wa pasipoti alitazama chini, kama alivyofundisha. Ofisa akamwomba ainue uso apigwe picha. Balozi akazidi kuinama. Ikabidi mtu aje amshike kidevu.

Ya kuchekesha yaliishia kwenye ngazi za jengo analoishi binti. Fundi viatu mzee wa chumba cha chini aliinua mkono na kusema neno.

"Anataka nini?" Balozi aliuliza.

"Anasalimia, baba. Kila siku anasalimia."

"Na wewe?"

"Natazama chini."

Balozi alikaa palepale kwenye ngazi, begi mapajani. Mwaka mzima na ushei binti yake alikuwa amepita katikati ya watu bila rafiki hata mmoja, kwa utiifu tu.

"Begi lilifika salama," anasema sasa, akijifuta uso kwa kiganja. "Mtoto ndiye niliyemfunga."

Asubuhi yake alimshika binti mkono wakabisha hodi kwa fundi. Aliomba radhi, binti akatafsiri. Mzee akacheka hadi akashika mlango. Kumbe naye alikuwa ameshawatangazia wapangaji wote kuwa huko atokako msichana huyu kusalimiana ni mwiko, wamwache. Yeye mwenyewe, kwa ubishi wake, alikuwa akijaribu tu.

Siku ya Balozi kurudi nyumbani, binti akimsindikiza, nusura ndege imwache. Kila mlango binti alisimama, akauliza habari za mgonjwa, za paka, za mguu. Balozi anasema hajawahi kufurahia kuchelewa namna ile.

Sasa fundi viatu ndiye anayekuja huku kutembea. Ameshauliza kama abebe maji yake, godoro lake, na kama watu wa huku wanavaa viatu. Balozi ameagiza aje mikono mitupu, na asimsikilize mtu yeyote.

Wateja wakipungua, hulifanyia mazoezi lile neno la salamu la mzee, akiyaambia mabegi.

"Siku hiyo hapa mezani hamnioni," anasema. "Nitakuwa kule mlango wa wanaofika. Na safari hii nimsalimu mimi kwanza."